Jitu Hupimwa kwa Sikio

Kuna masimulizi ya majitu ambayo siku hizi hushangiliwa kila yanapotolewa, shuleni na kwenye sherehe, kuanzia Garissa hadi Buna. Fanani mchanga anasimama, anainua mikono mpaka visigino vinaachana na ardhi, anatangaza kwamba hapo kale paliondokea jitu refu kuliko mnara wa simu, likinguruma na kumeza ng'ombe mzima. Anatokea mtoto mwenye moyo mwema, anasema neno moja la upole, jitu linabubujikwa na machozi, wanakuwa marafiki. Walimu wanapiga makofi. Waamuzi wanatoa alama za juu za ubunifu. Kazi yenyewe ni mbovu kuanzia mwanzo hadi tamati, na anayeisifu anamharibia njia mtoto ambaye angeweza kufunzwa.

Buna hasa haina kisingizio. Huko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, kwenye njia ya kwenda Moyale, watu wanaishi juu ya ardhi ya majitu. Wazee husimulia kwamba visima vya kale vya Wajir na El Wak, vilivyochimbwa ndani ya mwamba wa chokaa, ni kazi ya Madanle, watu wa miili mikubwa waliotangulia koo zilizopo sasa. Marundo ya mawe yaliyotapakaa nyikani husemwa kuwa makaburi yao. Mifugo bado inanyweshwa visimani humo. Mtoto aliyekulia kwenye mighani kama hiyo, kisha akafundishwa kupima jitu kwa mnara wa simu, amenyang'anywa mali yake.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kipimo. Fanani dhaifu hutaja urefu, na urefu ukishatajwa hadhira haina tena la kufanya. Fanani bora hutaja vyombo. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliunakili mwaka 1913, shujaa anafungua mkoba wake, na ndani yake kinatoka kinu pamoja na mchi wake, yanatoka mawe ya kusagia, vyungu vya kupikia na mafiga ya jikoni. Hapo msikilizaji amekwisha kuujua ukubwa wa bega lililoubeba mkoba ule, na hakuna aliyemtajia hata pima moja.

Roald Dahl alifuata njia hiyohiyo katika The BFG, riwaya yake ya mwaka 1982 kuhusu Sophie, yatima wa Kiingereza, na jitu jema linalomchukua usiku kutoka kitandani. Jitu linapoalikwa kula katika jumba la Malkia, watumishi wanalazimika kuliundia meza kwa saa nne ndefu za kusimama sakafuni, na kiti chake ni kabati la nguo lililopandishwa juu ya piano. Linakula kwa uma wa bustani na sepetu. Dahl hakuwa mgeni wa upande wetu: alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alijua kwamba jitu haliingii akilini mwa mtoto mpaka lijaribu kukaa kwenye kiti.

Kwa Buna kipimo kinachofaa ni maji. Ngamia mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na kila mtoto mchungaji ameona hori likikauka mbele yake huku mikono yake ikiuma kwa kuvuta ndoo. Fanani akisema jitu lilifika kisimani, likainama, na ngamia wote wa ukoo wakarudi bila kunywa, hadhira itapata hofu ya kweli. Mnara wa simu hautishi mtu.

Sasa sikio. Hapa ndipo mwanafunzi anapokosea kila mara, na mwamuzi asiyejua kazi anapopitwa.

Dhegdheer, zimwi la kike ambalo watoto wa Kisomali wametishwa nalo vizazi na vizazi, hakumbukwi kwa urefu wa mwili. Anakumbukwa kwa sikio lake moja refu. Kwa sikio hilo husikia nyayo za msafiri kutoka mbali, na kwa sikio hilo waliokimbilia nyumbani kwake hujua kama amelala au yu macho. Masimulizi yote huning'inia hapo. Mama aliyejificha na mwanawe haangalii meno ya zimwi wala kucha zake. Anaangalia sikio. Katika baadhi ya masimulizi hata kifo chake huingilia hapo: analala, na kitu cha moto kinamiminwa ndani ya sikio lilelile lililokuwa nguvu yake. Fanani hodari, anapofika mahali hapa, hupunguza sauti mpaka watoto wasogee mbele na kuinamisha vichwa ili wamsikie. Bila kujua, wote wamegeuka masikio. Fanani anayepiga kelele hapo ameua hadithi kwa mkono wake mwenyewe.

Jitu la Dahl nalo lina masikio makubwa mno, na si pambo. Linasikia nyayo za mdudu aina ya kibibi akitembea juu ya jani. Linasikia ndoto zikipita hewani, ndiyo maana linaweza kuzikamata, kuzitia chupani na kuzipuliza kwa tarumbeta ndefu katika vyumba vya watoto waliolala. Katika safari ya kwenda kwa Malkia, Sophie anakaa ndani ya sikio lake. Mtoto hakai begani wala kiganjani. Amewekwa pale ambapo neno lake dogo litasikika kwanza. Majitu mengine tisa ya riwaya hiyo ni makubwa zaidi ya mara mbili kuliko lile jema, lenye futi 24, lakini hayana usikivu huo, na ndiyo yanayokula watu.

Hivyo kanuni ni hii: jitu lisilosikia haliwezi kuwa rafiki wa mtu. Urafiki kati ya kikubwa na kidogo huanza pale kikubwa kinapoweza kusikia sauti ya kidogo. Dhegdheer anasikia ili ale, jitu la Dahl linasikia ili lilinde, na fanani anayetaka kulitoa zimwi upande mmoja hadi mwingine hana budi kulipitisha sikioni. Machozi ya ghafla ni njia ya mkato. Ukisikiliza masimulizi ya jitu na usijue limesikia nini, mpe fanani alama ndogo hata kama ukumbi mzima umesimama.

Matapeli wa fani hii wanatambulika kwa kuwa siku zote huuza ukubwa mtupu. Mwaka 1868 George Hull, Mmarekani, alichongesha jitu la jasi lenye urefu wa futi 10 na zaidi, akalizika katika shamba huko Cardiff, jimbo la New York, kisha mwaka uliofuata akaagiza kisima kichimbwe palepale. Watu walilipa kiingilio kulitazama. Mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum alipokataliwa kulinunua, alitengeneza nakala yake na kudai kwamba lake ndilo la kweli. Mwaka 2002 mtu mmoja alitengeneza kwa kompyuta picha ya mifupa mikubwa ya binadamu, kwa ajili ya shindano la kuchezea picha. Msingi wake ulikuwa picha ya uchimbaji wa mifupa ya mastodoni huko Hyde Park, New York. Miaka miwili baadaye picha hiyo ilikuwa imeenea ikidaiwa kuwa mabaki ya watu wa Adi, wale wanaotajwa katika Kurani, yaliyofukuliwa jangwani Saudia, na wapo wanaoisambaza mpaka leo. Hull na msambazaji wa picha wana kosa moja. Majitu yao ni maiti, na maiti haina cha kuonyesha isipokuwa urefu.

Jambo la tatu ni njaa. Jitu jema lazima liwe na njaa, na wema wake uligharimu. Jitu la Dahl hutafuna tunda baya mno, lenye ladha ya kuchukiza, kila siku ya maisha yake, kwa sababu limekataa kula watu na limekataa kuiba vyakula vyao. Tunda hilo lina uzito kuliko machozi yote ya jukwaani. Fanani anayesema tu kwamba jitu "lilikuwa jema" hajasimulia kitu. Aseme linakula nini badala yetu.

La nne ni mavazi, na hapa hakuna mjadala: jitu lisilo na viatu vinavyoeleweka halijakamilika. Quentin Blake, mchoraji wa riwaya ile, mwanzoni alilivisha jitu mabuti meusi na aproni. Kazi haikukaa sawa. Ndipo Dahl akamtumia kwa posta ndara yake mwenyewe, kubwa, ya Kinorwe, na ndiyo inayoonekana miguuni pa jitu mpaka leo. Hivyo ndivyo bingwa anavyofanya kazi: kuliko kuongeza maneno, anatuma kiatu.

Tamati nayo ipimwe kwa ukali. Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyemchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Liyongo alikwenda akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye upinde, na hapo akafa, watu wasithubutu kwenda kuteka maji kwa kuwa walidhani yu hai. Kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini mpaka leo. Mighani ile inamwachia mtoto swali zito kuhusu nani humsaliti mkubwa. "Wakawa marafiki" haimwachii chochote.

Zamani haya yalifundishwa bila darasa. Maziwa yalipokwisha kukamwa na ngamia kulala, bibi aliita "Sheeko sheeko," watoto wakaitika "Sheeko xariir," na giza lenyewe lilifanya nusu ya kazi. Hapakuwa na alama wala kikombe. Mtoto aliyesimulia vibaya alikatizwa na wenzake kabla hajafika katikati, akakaa chini, akasikiliza tena usiku uliofuata. Malezi hayo yalikuwa bora kuliko vipaza sauti vya leo. Si kwamba vitabu vina ubaya: hadithi ya Dhegdheer imeandikwa na Marian Hassan kwa Kisomali na Kiingereza pamoja, ikachapishwa Minnesota mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa ughaibuni, na kitabu hicho kinastahili rafu katika kila shule ya Wajir. Lakini kitabu hakiwezi kupunguza sauti. Hiyo ni kazi ya mtu.

Waamuzi wa msimu ujao, basi, waache kuandika alama wakati fanani ananyoosha mikono juu. Wasubiri wasikie jitu lake linanywea wapi, linakula nini na limesikia sauti ya nani. Asiyejibu hata moja arudishwe kwa bibi yake, akajifunze.