Kuuzuliwa kwa Liz Mills: Hukumu Isiyoutazama Uwanja

Mtu anapouliza, kama wanavyouliza hata leo vijana wetu wa Ongata Rongai kila mazungumzo ya mpira wa kikapu yanapopamba moto, iwapo mwalimu wa timu alistahili kuondolewa, jambo la kwanza lipasalo kutazamwa si jina lake wala asili yake, bali ni kile alichokikuta, kile alichokiacha, na umbali uliopo baina ya viwili hivyo. Na kwa kipimo hicho, ambacho sidhani mwenye insafu atakikataa, uamuzi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya wa kutoendelea na Liz Mills baada ya AfroBasket ya mwaka 2021, na kulirudisha benchi la Morans, timu ya taifa ya wanaume, mikononi mwa Cliff Owuor, ulikuwa kosa lililo dhahiri shahiri, na miaka iliyofuata haikulifuta bali imelikoleza wino.

Alichokikuta kinajulikana. Kenya ilikuwa haijakanyaga AfroBasket tangu mwaka 1993, mashindano yalipofanyika hapahapa Nairobi na vijana wetu wakamaliza wa nne, daraja ambayo hakuna kikosi cha Kenya kilichoifikia tena, na ambayo kwa rai yangu haitafikiwa mpaka tuirudie adabu ya zama zile, zama ambazo mchezaji hakuitwa nyota kabla hajajua kusimama mbele ya mtu akamzuia. Owuor, na hii ni haki yake wala sitamnyang'anya, aliwapeleka Morans Bamako mwaka 2019 wakarudi na medali ya fedha ya AfroCAN, mashindano ya wachezaji wa vilabu vya bara hili, baada ya kushindwa fainali na Kongo ya Kinshasa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kazi akapewa Mills, mwanamke wa Australia aliyekwisha kuzoea viwanja vya Zambia na Kamerun. Ushindi wa 74 kwa 73 dhidi ya Angola mjini Yaoundé mwezi wa Februari, kwa mtupo wa Tylor Ongwae uliotoka mkononi muda ukiisha, mliuona wenyewe na sina haja ya kuusimulia. Yatosha kukumbusha kwamba Angola wakati ule ilikuwa bingwa wa Afrika mara 11, na kwamba Kenya ilifuzu baada ya miaka 28.

Sasa tuutazame uamuzi wenyewe, kwa utulivu unaostahiki kadhia ya namna hii.

Wanaoutetea hunena kwamba mwalimu huhukumiwa kwa matokeo, na kwamba Kigali, mwezi wa Agosti mwaka ule, matokeo hayakuridhisha: tulifungwa na Côte d'Ivoire, tukafungwa na Nijeria, tukaifunga Mali, tukavuka kundi tukiwa wa tatu, kisha tukatolewa na Sudan Kusini kwa 60 kwa 58 mlangoni pa robo fainali. Hoja hii husemwa kwa sauti ya mtu aliyemaliza maneno, kana kwamba kushindwa kwa kikapu kimoja ni ushahidi kamili na hapana haja ya kumwita shahidi mwingine. Mimi namwita. Mchezo huu huchezwa dakika 40, na katika dakika hizo timu hupata takriban mashambulizi 70. Timu inayoruhusu pointi 60 imemzuia mpinzani asipate hata pointi moja kwa kila shambulizi, na hakuna mwalimu, wa hapa wala wa ng'ambo, atakayekwambia kwamba huo ni ulinzi mbovu. Tena hao waliozuiwa hivyo walikuwa watu gani? Walikuwa Sudan Kusini, ambao miaka miwili baadaye walifuzu Kombe la Dunia, na ambao mwaka 2024 walikwenda Olimpiki ya Paris wakaifunga Puerto Rico, baada ya kuitoa Marekani jasho mjini London hata ikanusurika kwa 101 kwa 100. Timu ile ndiyo iliyohitaji kikapu kimoja ili kuwaondoa vijana wa Mills. Ikiwa mwalimu aliyelazimisha hali hiyo alistahili kuuzuliwa, basi sijui ni nani anayestahili kubaki.

Lakini hesabu ile ile ina upande wake wa pili, na mchambuzi akiuficha atakuwa amepoteza haki ya kusikizwa. Pointi 58 ni chache. Mashambulizi yetu yalimtegemea mno Ongwae, ambaye siku zile alichezea Bakken Bears ya Denmark, na kila alipozibwa na walinzi wawili mpira ulizunguka pembeni, mkono hata mkono, mpaka saa ya sekunde 24 ilipokaribia kulia na mtu akarusha kwa kulazimika. Kasoro hiyo ilikuwepo. Bali kasoro ya mashambulizi ndiyo kasoro ambayo muda huitibu kuliko dawa nyingine yoyote, kwa kuwa ulinzi hufundishika kwa juma moja la jasho na amri, ilhali kupeana mpira bila ya kutazamana ni mazoea yanayotaka misimu. Mwalimu wa timu ya taifa hana misimu. Ana siku chache za kambi kabla ya kila duru, wachezaji wakifika kila mmoja na uchovu wa klabu yake, na utaratibu wa kufuzu wa FIBA huwaita, huwatawanya, kisha huwaita tena. Lile ambalo duru ya kwanza imelianzisha haliwezi kuzaa matunda ila katika duru ya pili na ya tatu, na chini ya yule yule aliyelianzisha.

Hapo ndipo ulipo ubovu wa uamuzi huu, na ndiyo maana nimeupa nafasi kubwa kuliko ushindi wa Yaoundé. AfroBasket ilimalizika tarehe 5 Septemba 2021, na mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023 zilianza Novemba ya mwaka huo huo. Katika upenyo huo wa miezi isiyotimia mitatu, kikosi ambacho kwa mara ya kwanza katika miaka 28 kilikuwa na sura yake, lugha yake ya ulinzi na imani yake, kilibadilishiwa mwalimu, yaani kilirudishwa mwanzo wakati ambapo Misri, Senegali na Kongo, tuliopangwa nao kundi moja, walikuwa wakiendelea pale walipoishia. Kanuni ilikuwa nyepesi: timu nne, tatu zipite, moja ibaki nyuma. Iliyobaki nyuma ilikuwa Kenya. Simlaumu Owuor kwa hilo hata chembe, kwani alirithi saa iliyokwisha kupita nusu. Nawalaumu waliomkabidhi kazi katika wakati ambao hapana mwalimu yeyote angeifanya ikafanyika.

Wapo pia wanaosema kwamba taifa linapaswa kuwaamini walimu wake, nami niliye na umri wa kukumbuka mengi nakubaliana nao kwa roho nyeupe. Tatizo ni kwamba wakuu wa michezo yetu hawaifuati kanuni hiyo wala kinyume chake. Wanachofuata ni hamu ya kubadilisha. Tazama soka: Francis Kimanzi, mwananchi, aliivusha timu ya taifa, Harambee Stars, hadi hatua ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010, na Desemba 2008 akaifikisha nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo hatujaiona tena. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata akaondolewa, akaletwa Antoine Hey kutoka Ujerumani, tukamaliza wa mwisho katika kundi, na Mjerumani mwenyewe hakuwepo benchi siku ya mechi ya mwisho dhidi ya Nijeria. Nimeandika juu ya jambo hilo kabla ya leo na nitaliandika tena, maana hakuna aliyewahi kunijibu. Mwananchi huondolewa ili aje mgeni, mgeni huondolewa ili arudi mwananchi, na katika nyendo zote mbili uwanja hauulizwi.

Magazeti nayo yana sehemu yao ya lawama. Mills alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume kama kocha mkuu katika AfroBasket, na hilo ni jambo la kuandikwa. Lakini liliandikwa, likaandikwa tena, hata ikawa msomaji wa kawaida aliweza kueleza mavazi ya kocha yule pembeni mwa uwanja na asiweze kueleza jinsi walinzi wake walivyokuwa wakibadilishana watu katika vizuizi. Kazi isiyoelezwa haina wa kuitetea siku inapotupwa.

Vijana wa Rongai, ambao matatu zao za 125 zimechorwa zaidi nyuso za nyota wa Marekani kuliko zilivyochorwa nyuso za nyota wetu, hupenda kuniambia kwamba ng'ambo mwalimu hafukuzwi bila ya sababu. Hufukuzwa, tena aghalabu bila ya sababu. Lakini wale tunaowasifu leo ni wale walioachwa. John Wooden aliingia UCLA mwaka 1948 na hakutwaa ubingwa wa vyuo wa taifa mpaka mwaka 1964, kisha akatwaa mara kumi kabla hajastaafu mwaka 1975. Dean Smith wa North Carolina alifika chuoni kwake usiku mmoja wa mwaka 1965, baada ya kufungwa, akakuta wanafunzi wamekinyonga kinyago cha sura yake. Chuo kikakaa naye hadi 1997, akaondoka na ushindi wa mechi 879. Mike Krzyzewski alishinda mechi 10 na kupoteza 17 katika msimu wake wa pili pale Duke, akashinda 11 na kupoteza 17 katika wa tatu, na wafadhili wakataka aondoke; mkuu wa michezo wa chuo, Tom Butters, akamwongezea mkataba. Mataji matano ya taifa yalifuata. Butters hakuwa mtabiri. Alitazama mazoezi ya mwalimu wake na hakutazama ubao wa matokeo peke yake. Mtu wa namna hiyo sijamwona katika ofisi zetu, na sidhani kwamba hakuzaliwa, nadhani hakuajiriwa.

Tuna vyuo hapa petu, Africa Nazarene ndani ya Ongata Rongai yenyewe na Multimedia kandokando ya barabara ya Magadi, na ni katika vyuo vya namna hii ndipo walimu wa kesho wanapotengenezwa. Wanajifunza nini wanapoona kwamba aliyevunja ukame wa miaka 28 hakupewa hata duru moja zaidi?

Mills mwenyewe hakukaa bila kazi. Mwaka 2022 alichukuliwa na AS Salé ya Moroko, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, na klabu yake ikafika robo fainali. Sisi tulipata faraja yetu mwaka 2025, Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia ligi hiyo hiyo, chini ya Brad Ibs, Mmarekani aliyepewa muda wa kuijenga timu. Nampongeza na sitaongeza neno. Timu ya taifa ni habari nyingine. AfroBasket ya Agosti 2025 ilichezwa Angola, na majirani zetu Rwanda na Sudan Kusini walikuwepo, ilhali Morans walikuwa nyumbani wakiitazama kama sisi wengine.

Rai yangu ni ile niliyoanza nayo: hakustahili kuondolewa, na aliyeondolewa pamoja naye ni kikosi kizima kilichokuwa kikianza kujuana. Katika kauli zote za kutetea uamuzi ule nilizozisoma na kuzisikia, sijakutana na hata moja iliyotaja ulinzi, mashambulizi, au uteuzi wa wachezaji. Msomaji aliye na hoja ya uwanjani, si ya ofisini, na ailete. Ukurasa huu utamchapia bila kumkata neno.