Msumari Katika Aqal

Aliyezunguka maonyesho yale ya sanaa za wenyeji hapa Garissa, akatoka ukumbini pasi na kuinama penye mlango wa aqal, ile nyumba ya kuhamahama ya Wasomali, ametoka na furaha yake kamili, nami namhusudu. Kwani mimi niliinama, nikauona msumari wa inchi tatu umegongomewa katika fito ya mgunga, na fito imepasuka.

Kando ya msumari huo, kwa upana wa kidole, palikuwa na mfuo laini uliochimbwa na kamba, mfuo ambao hauletwi na safari moja wala mbili, bali na miaka ya kufungwa na kufunguliwa, kila mvua ilipohama na watu wakahama nayo. Ufa umepita katikati ya mfuo ule. Basi aliyeshika nyundo alikuwa na kamba mbele ya macho yake, na mahali pake pamekwisha kuchongwa, asiione.

Udhuru nilioambiwa ni kwamba nyumba isije ikawaangukia watoto wa shule. Subhanallah! Nyumba iliyostahimili pepo za nyika, ambako hapana ukuta wa kuikinga, itaangushwa na nini ukumbini, madirisha yamefungwa? Aqal si kibanda. Ni shehena iliyosimama kwa muda: fito zake zilizopindwa ndizo zinazopakiwa juu ya ngamia, na mikeka yake ya herio ndiyo inayotandikwa mgongoni mwake ili mzigo usimchubue, na mwenye kuisuka, kuisimamisha na kuivunja ni mwanamke, kwa kuwa nyumba ni yake. Ukiipigilia misumari kwenye jukwaa la mbao, tena kwa mikono ya maseremala wanaume wa kukodiwa, umebakiwa na umbo lake tu. Lau wangewaita mama wawili watatu waisimamishe asubuhi na kuivunja jioni mbele ya hadhirina, hiyo ndiyo ingekuwa sanaa yenyewe, na gharama yake isingezidi ujira wa maseremala wale.

Marehemu James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1989 makala nzima juu ya kiti cha enzi na viti vingine vya Waswahili. Mtu wa namna hiyo, aliyeona kiti chastahili tasnifu, asingaliruhusu nyundo ikaribie fito hii. Lakini zama zile mtunzaji alikaa na kitu kwanza, akakijua, ndipo akakionyesha.

Vikapu vya Wamunyoyaya vilipangwa vizuri, na picha za soko la mifugo zilipigwa kwa jicho pevu. Vibuyu vya maziwa, ambavyo kwa ada hufukizwa kwa vijinga vya moto na kunukia moshi, vilipakwa vanishi vikanukia duka la rangi. Hilo nimelilalamikia katika safu hii hata wahariri wangu wamechoka, kama nilivyolalamikia maelezo ya Kiingereza kitupu yanayobandikwa mbele ya wazee waliovitengeneza vitu vyenyewe.

Nasikia maonyesho yatahamishwa, na aqal itabebwa pamoja na jukwaa lake juu ya lori. Ndugu waandalizi, ng'oeni misumari kabla ya lori kufika. Kamba zake nimeziona zimekunjwa chini ya meza ya mapokezi, na wa kuzifunga hawakai mbali na ukumbi.