Kinachoirudisha Programu ya Matangazo

Kuuondoa ukurasa wa utafutaji uliojiweka wenyewe kwenye kivinjari ni kazi ya dakika moja. Unaingia kwenye mipangilio ya Chrome, unairudisha Google mahali pake, unafuta kiendelezi usichokijua, umemaliza. Kesho yake ukiwasha kompyuta, ukurasa uleule unakusubiri na kiendelezi kimekaa palepale ulipokitoa. Hapo wengi husalimu amri wakaibeba mashine kwa fundi, na mafundi wengi wa mitaani wana dawa moja tu: piga Windows upya. Inaondoka na picha ambazo hakuna aliyezinakili, inaondoka na Office ambayo hakuna anayekumbuka ilivyopatikana, na wakati mwingine, kama tutakavyoona, haiponyi.

Kompyuta ninayoichambua hapa ni ya nyumbani, ya mezani, inatumia Windows 10, na watu wa nyumba nzima huikalia kwa zamu: kazi za shule, barua pepe, filamu. Ukiandika neno kwenye upau wa anwani, anwani inaruka mara mbili tatu upesi kuliko jicho, kisha unatua kwenye matokeo ya Yahoo. Kwenye kona ya chini kulia vinachomoza vidirisha vya kukutisha kwamba mashine imejaa virusi. Bando linaisha kabla ya siku zake. Na chini kabisa ya menyu ya Chrome kuna kijimstari kinachosema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, nyumbani kwa watu?

Tuanze na huko kuruka kwa anwani, maana ndiko kuliko na pesa. Watu hushangaa kwamba mwisho wa safari ni Yahoo au Bing halisi, si tovuti bandia. Ndiyo biashara yenyewe. Injini hizo hulipa washirika wanaoziletea watafutaji wanaobofya matangazo. Mwenye programu hujipachika katikati: neno lako linapita kwenye seva yake, analirekodi akipenda, kisha analikabidhi kwa injini kwa namba ya mshirika fulani. Haibi faili zako wala hafungi kompyuta akadai fidia. Anachuma senti kidogo kidogo kwenye utafutaji wako, kwa hiyo faida yake iko kwenye kukaa. Ujanja mkubwa wa programu za namna hii hauko kwenye kuingia, uko kwenye kutotoka, na ndiyo maana anayesafisha anapaswa kuacha kuuliza kitu kiko wapi, akaanza kuuliza kinarudishwa na nini.

Vidirisha vya kona ni habari nyingine kabisa, na nyepesi. Havikutoka kwenye programu yoyote. Mtu alibofya “Ruhusu” kwenye tovuti iliyomwambia athibitishe kwamba yeye si roboti. Ndani ya mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha, kuna orodha ya tovuti zilizopewa ruhusa ya kutuma arifa. Zisizojulikana ziliondolewa, vidirisha vikakoma. Antivairasi ingeweza kupekua diski usiku kucha isione kitu, kwa kuwa hakuna faili la kuona.

Kabla ya kugusa kingine, Wi-Fi ilizimwa. Kilichofutwa hushushwa upya kutoka mtandaoni, na kusafisha huku mtandao ukiwa hewani ni kufagia uwanja wakati upepo unavuma. Kisha ikafunguliwa Autoruns, iliyoletwa kwa flashi kutoka mashine nyingine. Hii ni zana ya bure ya Sysinternals, kazi ya Mark Russinovich na wenzake, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Inaonyesha kila kinachojianzisha chenyewe: programu, huduma, kazi zilizopangwa, hata hati za amri zilizojificha kwenye WMI, mfumo wa ndani wa kuisimamia Windows, ambako mafundi wachache hufika. Ukiiagiza ifiche vitu vya Microsoft vilivyotiwa saini, orodha ndefu inapungua hadi kiasi ambacho mtu anaweza kukisoma mstari kwa mstari bila kuchoka.

Kwenye kazi zilizopangwa palikuwa na moja ambayo jina lake lilianza na Chrome na kuishia kwa herufi za ovyo. Jina hilo limetungwa kwa ajili ya macho ya haraka, kwa kuwa Google nayo ina kazi zake za kuisasisha Chrome. Tofauti iko kwenye kitendo. Kazi halisi huita programu ya Google kutoka kwenye folda ya Google. Hii iliita powershell.exe, ikifuatiwa na -WindowStyle Hidden ili dirisha lisionekane, halafu -EncodedCommand, halafu mkururo mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, ukifungwa kwa alama mbili za =. Hiyo ni Base64, na haina siri yoyote: zana yoyote ya kuifumbua inakurudishia maandishi ya kawaida kwa sekunde. Yalisema: wasiliana na anwani fulani, shusha hati, iendeshe kwa haki za msimamizi. Kazi iliyofichwa dirisha na kufumbwa maneno kwa pamoja haina cha kutafuta kwenye kompyuta ya familia.

Hati hiyo ilikuwa ikiandika nini? Jibu lilikuwa kwenye chrome://policy. Sera za kivinjari ziliundwa ili ofisi au shule iamue Chrome ya watu wake iwe na nini. Kiendelezi kilicholazimishwa kwa sera mtumiaji hawezi kukiondoa, na ofisini ndivyo inavyotakiwa iwe. Programu ya matangazo ikishapata haki za msimamizi hujifanya ofisi. Sera iliyokuwepo ilikuwa ExtensionInstallForcelist, na ndani yake kitambulisho cha kiendelezi: herufi 32, zote kati ya a na p, kama vilivyo vitambulisho vyote vya viendelezi vya Chrome. Na hapa pana jambo la kukera. Kwenye Windows isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, Chrome hukubali kulazimishwa viendelezi vilivyomo kwenye duka lake rasmi tu. Maana yake kiendelezi hiki kilikuwa dukani, kwa jina zuri na picha nzuri. (Haki isemwe: baadhi ya antivairasi nazo huweka sera, kwa hiyo kile kijimstari cha shirika peke yake si hukumu.)

Wanaofika hapa hufungua rejista ya Windows, hufuta ufunguo wa Google chini ya Software\Policies, huona umetoweka, hushangilia. Baada ya muda umerudi, kwa sababu rejista ni nakala tu. Asili iko kwenye faili la Registry.pol, ndani ya System32\GroupPolicy\Machine, na Windows huisoma tena kila inapohuisha sera zake. Toleo la Home halina hata kihariri cha sera, kwa hiyo mwenye mashine hana dirisha la kuona kilichoandikwa humo, ilhali mfumo unakitii. Kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo haikuwahi kuwa ya ofisi, folda hiyo inaweza kufutwa yote. Kwenye laptopu ya kazini usiiguse. Humo mna sera za mwajiri.

Kwa hiyo utaratibu ulikwenda kinyume na ule wa dakika moja. Ilifutwa kwanza kazi iliyopangwa pamoja na hati iliyokwisha kushushwa, likafuata faili la sera, kisha ufunguo wa rejista, kisha amri ya gpupdate /force. Ndipo Chrome ikafunguliwa, na safari hii kiendelezi kilikubali kutoka.

Ilibaki aikoni ya Chrome pale mezani. Ukiibofya kwa kitufe cha kulia na kutazama sifa zake, mahali panapotaja faili linalofunguliwa panapaswa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Hii ilikuwa na nafasi moja baada ya nukuu, kisha anwani ya tovuti. Hakuna programu ya kukamata hapo. Ni mstari wa maandishi, na kila ukibofya unaufungua ukurasa ule kwa mkono wako mwenyewe. Aikoni ikatupwa, ikatengenezwa nyingine. Mwisho ilipitishwa AdwCleaner, ambayo Malwarebytes iliinunua mwaka 2016, ikaokota folda tupu na funguo za rejista zilizosahaulika. Wengi huanza nayo, wala si vibaya, ila zana hizi hutambua zaidi vinavyojulikana, na hati iliyoandikwa wiki iliyopita huenda haimo kwenye orodha yao.

Kitu kimoja kilikaguliwa kisipatikane, nacho kinastahili kukaguliwa kila mara: vyeti vya mizizi vya kigeni, maana kivinjari huamini tovuti kwa kutegemea vyeti vya namna hiyo. Sababu yake ni Superfish. Mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015, Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zake za watu wa kawaida zikiwa na programu hiyo ya matangazo tangu kiwandani. Ili ipachike matangazo hata kwenye kurasa zilizosimbwa, ilijiwekea cheti cha mizizi ndani ya Windows na kujiingiza kati ya kivinjari na tovuti, za benki zikiwemo. Ufunguo wa siri wa cheti ulikuwa mmoja kwa mashine zote, umefungashwa ndani ya programu yenyewe. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliutoa na kulivunja nenosiri lake, nalo lilikuwa komodia, jina la kampuni iliyounda teknolojia hiyo. Kuanzia hapo, mtu mwenye ufunguo huo aliyeshiriki Wi-Fi na wewe angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Na walioiondoa Superfish kwa njia ya kawaida waliacha cheti mahali pake: matangazo yalikoma, hatari ikabaki. Lenovo ilitoa zana ya kukifuta, Microsoft ikaipa antivairasi yake, Defender, uwezo huo, na mwaka 2017 Lenovo ikafikia suluhu na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani.

Sasa ile sababu ya kupiga Windows upya kutoponya. Kwenye mashine hii kulikuwa na kiendelezi cha pili, ambacho mtumiaji mmoja alikikubali mwenyewe kwa ahadi ya kushusha video. Hicho kilikuwa kimekwisha kusawazishwa kwenye akaunti yake ya Google. Ungefuta diski nzima, ungeweka Windows mpya, angeingia kwenye Chrome kwa akaunti yake, na kiendelezi kingerudi pamoja na alamisho zake. Kilifutwa Wi-Fi ikiwa imerudishwa na usawazishaji ukiwa umewashwa, ili kufutwa nako kusawazishwe.

Chanzo kilikuwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa: faili la ISO lililoitwa kwa jina la gemu maarufu iliyokrakiwa. Tangu Windows 8, ukilibofya faili la ISO linafunguka kama diski, na ndani unakuta kitu cha kubofya tena. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na ChromeLoader, ambayo kampuni ya Red Canary iliichambua Mei 2022: ISO ya gemu au filamu ya wizi, kazi iliyopangwa, PowerShell, kiendelezi. Windows ilipouliza kama inaruhusiwa, mtu alijibu ndiyo, na Defender haikusema neno, kwa kuwa swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa ilikuwa imezimwa. Iko ndani ya Windows Security, kwenye ulinzi unaotegemea sifa ya programu. Ikawashwa.

Kiendelezi kilichokuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kiliweza kuona kila kilichoandikwa humo, hata kama shughuli yake ilikuwa matangazo tu. Kwa hiyo nenosiri la barua pepe lilibadilishwa kwanza, yakafuata mengine, na vifaa vyote vikatolewa kwenye akaunti viingie upya. Mwanafunzi wa nyumba hiyo akafunguliwa akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo na haki za msimamizi. Akaunti hiyo haiwezi kuandika Registry.pol wala kupanga kazi ya mfumo mzima bila nenosiri la mkubwa. Kiendelezi kutoka dukani, hata hivyo, bado inaweza kukiweka, na ruhusa ya arifa bado inaweza kuitoa.