Mikono Ikiwa Ndiyo Mdomo

Mpimaji wa programu ana ombi lake la kila siku: "Endelea kutumia, huku ukinieleza unachowaza." Mwambie hivyo mtoto kiziwi, umemziba mdomo. Mkono ulioshika kipanya ndio huohuo anaosemea, na jicho lililo kwenye kioo cha kompyuta haliwezi wakati huohuo kumtazama mkalimani. Ama acheze, ama aeleze. Fundi anayejua kazi hunyamaza, akatazama.

Mafundi wa namna hiyo walikuwako chuo cha Georgia Tech, Atlanta, miaka ya 2000, walipounda mchezo wa CopyCat wakishirikiana na shule ya viziwi ya huko. Watoto viziwi wengi mno, takriban 9 kwa kila 10, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Lugha ya alama mara nyingi huwafikia kwa kuchelewa. Mchezo uliwapa wa kuzungumza naye: paka aitwaye Iris. Mtoto alivaa glavu, akambofya paka aamke, akamweleza kwa mikono kwamba mamba yuko juu ya ukuta, kisha akabofya tena. Iris akielewa, alitenda. Asipoelewa, aliduwaa.

Siri ni kwamba mwanzoni kompyuta haikujua kusoma alama. Aliyeelewa ni mtu, kajificha pembeni, anamtazama mtoto kwa video na kuamua kama kapatia au kakosea. Mbinu hii huitwa Mchawi wa Oz. Ni ulaghai, na mimi naupenda: afadhali kujua mapema kwamba mtoto huanza kusema kabla hajabofya kuliko kuligundua hilo mashine ikiwa imeshakamilika.

Lakini kutazama nako kuna elimu yake. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kukunja nyusi ni sarufi: ndivyo linavyoulizwa swali la "nani" au "wapi". Mgeni wa lugha ataandika daftarini, "mtoto amekasirika." Mtoto huyohuyo akiulizwa kama mchezo ni mzuri, huenda akatikisa kichwa kukubali hata kama swali hajalielewa, ili mkubwa aridhike. Ndiyo maana karatasi za maoni, ambazo mtoto huchagua sura inayocheka au inayonuna, siziamini hata kidogo.

Mimi ningengoja kitu kimoja: mtoto amwone Iris kaduwaa, ashushe pumzi, arudie sentensi ileile polepole, mikono ikipanuka, kama anayemsemesha mtu mzito wa kuelewa. Hapo ningeandika: kosa ni la paka.