Mfumi na Mwandishi katika Fasihi ya Denmark

Lugha nyingi huazima kazi ya mikono zinapotaka kuieleza kazi ya akili. Sisi hutunga shanga na hutunga mashairi. Husuka mikeka na husuka njama. Wadenmark nao wana neno "tekst", ambalo asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichofumwa. Lakini kufanana kwa maneno si hoja ya uhakiki. Swali linalotupasa ni hili: je, waandishi wa Denmark walipomwingiza mfumi katika hadithi zao, walimheshimu kama mfanyakazi, au walimfanya pambo tu? Tutalijibu kwa kuzitazama hadithi tatu za Hans Christian Andersen na moja ya Karen Blixen.

Andersen (1805–1875) alizaliwa mjini Odense. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za watu. Mwaka 1837 alitoa hadithi ya nguo mpya za mfalme, ambayo wengi wetu tunaifahamu. Walaghai wawili wanajidai kuwa wafumi. Wanaketi mbele ya kitanda cha mfumi kisicho na mtande wala mshindio, wanapunga mikono hewani, na hariri na dhahabu wanazopewa wanazitia katika mifuko yao. Kitambaa chao, wanasema, hakionekani na mjinga wala na mtu asiyestahili cheo chake. Mawaziri hawaoni kitu, lakini wanasifu rangi na nakshi. Mfalme anatembea uchi mbele ya raia, mpaka mtoto mdogo anaposema wazi kile ambacho kila mtu anakiona.

Kwa kawaida tunamcheka mfalme na kuishia hapo. Lakini tujiulize: walaghai hao wanafuma nini? Wanafuma maneno. Kitambaa chote kimo katika maelezo yao. Basi hadithi hii ni onyo kwa mwandishi anayepanga maneno mazuri bila uzi wa ukweli ndani yake. Vilevile ni onyo kwa mhakiki, kwani anayesifu kitabu kwa kuwa wakubwa wamekisifu hana tofauti na waziri yule.

Mwaka uliofuata, 1838, Andersen alitoa hadithi ya batamaji wa mwituni, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Kaka kumi na mmoja wamerogwa na mama yao wa kambo wakawa ndege. Elisa, dada yao, anaambiwa achume majani ya kuwasha, ayaponde kwa miguu, asokote nyuzi na kuwatengenezea mashati kumi na moja. Mpaka amalize, asitamke neno hata moja, la sivyo neno hilo litawaua ndugu zake. Mikono yake inavimba malengelenge. Anashtakiwa kwa uchawi, na hata akiwa njiani kwenda kuchomwa moto haachi kazi. Hapa hapana maneno, bali pana uzi, na uzi ndio unaowarudisha ndugu katika utu. Shati la mwisho linakosa mkono mmoja, kwa hiyo mdogo wa kaka zake anabaki na bawa. Mwandishi hakuificha kasoro hiyo. Kazi ya kweli huonyesha alama za shida iliyoizaa.

Katika hadithi ya tatu, ya kitani, nguo na maandishi vinakutana waziwazi. Mmea wa kitani unang'olewa, unasokotwa, unafumwa na kushonwa nguo. Nguo zikichakaa zinapondwa na kuwa karatasi, na juu ya karatasi hiyo zinaandikwa hadithi. Hii haikuwa ndoto tu: katika zama hizo Ulaya ilitengeneza karatasi zake hasa kwa matambara. Hata hivyo tuna la kulaumu. Anayefikiri na kufurahi humo ni mmea. Watu wanaoung'oa na kuufuma wanapita bila majina. Jasho la Elisa tuliliona. La hawa limefichwa.

Karen Blixen (1885–1962) si mgeni kwetu, kwani aliishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, akiwa na shamba la kahawa karibu na Ngong. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1957, bibi mmoja msimuliaji anaeleza habari za watawa wa Ureno wanaolima kitani na kufuma shuka za arusi za mabinti wa kifalme. Kipande chenye doa la damu hurudishwa, kikatundikwa ukutani pamoja na jina la binti. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja kisarawanda. Lakini kipande kimoja ni cheupe kabisa na hakina jina, na mbele yake ndipo watazamaji husimama kwa muda mrefu zaidi.

Wahakiki wengi huona hapo uwezo wa ukimya kusema. Tunakubali, kwa kuwa binti asiyetajwa amekataa kusomwa kama wenzake. Lakini ukimya una aina mbili. Elisa alinyamaza kwa kusudi, na mwisho akasema. Wakikuyu waliofanya kazi katika shamba la Blixen waliandikwa naye katika kitabu chake cha 1937, na humo hawakushika kalamu wao. Ukurasa mtupu wa mtu aliyechagua kunyamaza si sawa na ukurasa wa mtu aliyenyimwa wino.

Kwa hiyo jibu letu si moja. Fasihi ya Denmark ilimheshimu mfumi kila ilipomwonyesha mikono yake, na ilimsahau kila ilipotazama kitambaa peke yake. Mwanafunzi asomapo hadithi yoyote, ya kwao au ya kwetu, na aulize maswali mawili: uzi uko wapi, na ni nani aliyeusokota?