Kifo Kilichotajwa Mapema

Londo Mollari, balozi wa dola ya Centauri, hakungoja tumzoee. Katika kipindi cha kwanza cha msimu wa kwanza wa mfululizo wa televisheni wa Babylon 5, kilichorushwa Marekani Januari 1994, anamweleza mkuu wa kituo cha angani jinsi atakavyokufa. Atakuwa mzee, mikono yake imemkaba mtu shingo, na mtu huyo naye amemkaba yeye. Ameiota ndoto hiyo tangu zamani, na siku alipokutana na G'Kar, balozi wa Narn, akamtambua. Basi, yamekwisha. Mwisho wa mtu ambaye tutamfuata kwa misimu mitano umemwagwa hadharani kabla hatujajua hata ana wake wangapi.

(Mfululizo huu una zaidi ya miaka thelathini. Ambaye bado hajauona asinilaumu kwa nitakayoyasema.)

J. Michael Straczynski, mtunzi wake, hakuropoka. Aliukusudia mfululizo uwe kama riwaya moja ya misimu mitano, na katika vipindi 110, aliandika 92 kwa mkono wake mwenyewe. Televisheni ya Marekani wakati huo ilipenda zaidi kisa kinachoanza na kwisha jioni hiyohiyo, wiki ijayo kila mtu arudi alivyokuwa. Yeye alipanda mbegu akijua mavuno yako miaka kadhaa mbele, na pengine asiruhusiwe kuvuna.

Mwaka 1995, katika msimu wa pili, ndoto ya Londo ikaonyeshwa, na G'Kar aliyekuwa ndani yake alikuwa mzee wa jicho moja. Hilo jingine limekwenda wapi? Hatukuambiwa. Msimu huohuo Londo akasimama dirishani mwa meli ya kivita, akitazama majeshi yake yakiiponda Narn kwa miamba kutoka angani, vita alivyovichochea mwenyewe. Hasemi neno. Uso wa Peter Jurasik, aliyemwigiza Londo, nyuma ya kile kioo bado ninao. Baada ya hapo nani angehitaji kuuliza kwa nini G'Kar atamkaba shingo? Tulidhani tumeshapata jibu.

Mei 1996 tukakiona kifo chenyewe. Londo ni mfalme mzee, na begani mwake kimeng'ang'ania kiumbe kinachomtawala. Amekunywa mpaka kiumbe kikalala, na sasa anamwomba G'Kar amuue kabla hakijaamka. Anamwomba kama rafiki wa zamani. G'Kar anakaza mikono. Kiumbe kinafumbua jicho, na mikono ya Londo inainuka bila hiari yake. Uzee, mikono, shingo mbili: yote yametimia kama yalivyosemwa siku ya kwanza, ila tulichodhani ni kisasi kilikuwa huruma. Na bado tulikuwa hatujui urafiki huo ungezaliwaje, wala jicho lingepoteaje. Mfalme mwendawazimu aliyeamuru ling'olewe alingoja msimu wa nne.

Mashabiki walibishana sana juu ya haya. Wako waliosema mtunzi amejiharibia mwenyewe, maana ukishajua mtu atakufaje, taharuki imebaki wapi? Mimi niko upande wa mtunzi. Yeye anapoitoa siri huchagua saa, huchagua kinywa cha kuitamka, na hujua kipande kipi akibakize. Mpita njia anayekwambia nani kafa hana hata kimoja cha hivyo. Anakupa maiti tu.

Mashabiki wa wakati ule waliijua tofauti hiyo, nao walikuwa na adabu zake. Mwaka 1995 Waingereza waliviona vipindi vya mwisho vya msimu wa pili kabla ya Wamarekani. Aliyetaka kuvizungumzia kwenye intaneti aliandika onyo, akaacha mistari mitupu mingi, ndipo akaanza, ili jicho la mwenzake lisiangukie habari kwa bahati mbaya. Ukurasa mzima mtupu kwa ajili ya mtu usiyemjua! Straczynski mwenyewe, aliyekuwa akizungumza nao humo, aliwasihi wasimtupie mawazo ya hadithi. Shabiki mmoja akabuni kisa kilichokaribiana mno na kipindi alichokwisha kukipanga Straczynski. Kipindi hicho, "Passing Through Gethsemane", kikawekwa kando mpaka shabiki alipotia saini kwamba hana dai.

Leo mara nyingi msimu mzima unamwagwa kwa siku moja. Netflix walifanya hivyo kwa House of Cards mwaka 2013, na wengi wakafuata. Mtazamaji anameza vipindi 13 mwishoni mwa wiki, kesho yake anaitangaza siri kwenye kichwa cha habari. Dokezo lililopandwa saa mbili kabla ya kutimia halijapata hata muda wa kusahaulika, na kusahaulika ni nusu ya kazi yake.

Siri kubwa kuliko zote haikuwa hata ndani ya hadithi. Michael O'Hare, aliyeigiza Sinclair, mkuu wa kituo, aliondoka baada ya msimu wa kwanza, na watu wakazua kila sababu. Straczynski alinyamaza. Mwaka 2013, O'Hare akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia, ndipo alipoeleza kwamba mwigizaji huyo alikuwa akiugua maradhi ya akili. Straczynski alikuwa tayari kufa nayo siri hiyo. Ni O'Hare aliyemwambia aitunze mpaka yeye mwenyewe atakapokuwa kaburini.

O'Hare alirudi mwaka 1996 kuifunga hadithi ya Sinclair, iliyodokezwa tangu msimu ule wa kwanza. Na wageni wanaoulizia Babylon 5 siku hizi hupewa ushauri gani? Rukeni msimu wa kwanza, unachosha, anzeni wa pili. Wanaruka. Wakifika wa tatu wanamwona mtu anaziacha zama zake milele ili awe nabii wa watu wengine, huku muziki mzito ukisikika na rafiki zake wakimuaga, nao wanaulizana huyu ni nani.