Je, Ndege Isiyo na Rubani Haina Rubani?

Tulipozuru maonyesho ya biashara ya ndege za mfano nchini Marekani, tuliona meza moja imepangwa ndege za mbao za balsa, na ya pili droni zenye rafadha nne. Wauzaji, kwa lugha yao, waliwaita warushaji wote marubani. Hapo ndipo ilipodhihirika kasoro ya istilahi yetu "ndege isiyo na rubani".

Rubani, tangu zama za majahazi, ni mwongozaji wa chombo. Droni inaye, ila amesimama chini, rimoti mkononi. Kanuni za Marekani humtaka mrushaji wa kujifurahisha asiiache ndege itoweke machoni, na ikizidi gramu 250 isajiliwe. Mfasiri ataandikaje kwamba rubani wa ndege isiyo na rubani ana wajibu? Ikimwangukia mtu, ni nani atakayeulizwa?

Aidha, istilahi hiyo haitenganishi droni na ndege ya mfano, kwani zote mbili hazipandwi na mtu.

Twapendekeza "ndege isiyobeba rubani" liwe jina la jumla. "Droni" na "ndege ya mfano" ziwe aina zake. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.